Ndege wa Malagarasi: Mali ya Kigoma isiyofika sokoni

KATIKA masoko ya Kigoma kila bidhaa ina bei yake na ina mwenyewe. Dagaa wakavu hupakiwa kwa magunia huko Kibirizi, mawese hujazwa kwenye madumu, chumvi hutoka Uvinza na asali hutoka katika misitu ya miombo iliyo mashariki mwa mkoa. Mfanyabiashara wa Tabora au Dar es Salaam anayetaka habari za mzigo huuliza mambo matatu tu: upo kiasi gani, unauzwaje, na lini utapakiwa.

Ipo hata hivyo mali moja ya mkoa huo ambayo haimo katika orodha ya mfanyabiashara yeyote wa mjini. Mali hiyo ni ndege wa ardhioevu ya mto Malagarasi, na hasa yule ambaye vitabu vya Kiswahili humwita korongo nyangumi. Ni ndege wa kijivu mwenye kimo cha mita 1.1 hadi 1.4, domo lake ni pana na limevimba mithili ya kiatu cha mbao, na huweza kusimama bila kutikisika kwa muda mrefu akimvizia kamongo. Wako watu wa Ulaya, Marekani na Asia wanaovuka bahari kwa ajili ya kumwona ndege huyo mmoja, wakampiga picha, kisha wakarudi kwao wakiwa wameridhika.

Watu hao huenda zaidi Uganda na Zambia. Tanzania, ambayo ina makazi ya ndege huyo makubwa kuliko eneo la baadhi ya nchi, huwapata wachache. Sababu zake ni za kibiashara kuliko zilivyo za kimaumbile.

Ukubwa wa mali

Malagarasi-Muyovozi lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971. Lilitangazwa Aprili 13, 2000, likiwa na hekta 3,250,000, yaani kilomita za mraba 32,500. Kwa kulinganisha, Ziwa Tanganyika zima, pamoja na pande za Kongo, Burundi na Zambia, lina kilomita za mraba zipatazo 32,900. Kwa maneno mengine, nyuma ya mji wa Kigoma kuna eneo ambalo kwa upana linakaribiana na ziwa lililo mbele yake.

Si eneo lote hilo lililo na maji mwaka mzima. Kinamasi cha kudumu cha mafunjo kinakadiriwa kuwa na hekta 200,000. Mvua zikinyesha vizuri, mbuga zinazofurika huweza kufikia hekta milioni 1.5. Ndani yake kuna maziwa ya Sagara na Nyamagoma, na mito inayokusanyika kuwa Malagarasi, ambao hupita Uvinza, hushuka kwenye maporomoko na kuingia Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala, kilomita zipatazo 40 kusini mwa Kigoma.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linakadiria kuwa korongo nyangumi waliokomaa duniani kote ni kati ya 3,300 na 5,300. Wengi wako Sudan Kusini, na waliobaki wamegawanyika hasa kati ya Uganda, Kongo, Tanzania na Zambia. Jike hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida kifaranga kimoja tu ndicho kinachokua. Mali ya namna hii haiongezeki haraka. Akiba ikishaliwa, huchukua miaka mingi kurudi.

Mteja ni nani

Mtalii wa kawaida wa Kaskazini huenda Serengeti na Ngorongoro, huona simba na tembo, kisha humalizia Zanzibar. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8, na njia hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya biashara.

Mtazamaji wa ndege ni mteja wa aina nyingine. Huja na darubini yake, kitabu chake na orodha ya ndege anaotaka kuwaona. Huamka kabla ya jua, hutembea kwa miguu, hukubali kupanda mtumbwi, na halalamiki sana kama malazi ni ya kawaida mradi yawe safi. Jambo moja tu halisameheki kwake, nalo ni kusafiri siku mbili na kuondoka bila kumwona ndege aliyemfuata.

Kwa hiyo kinachouzwa katika biashara hii ni uhakika kuliko ndege mwenyewe. Mwenye kujua korongo alisimama wapi jana jioni ana bidhaa. Mwenye kinamasi kikubwa lakini asiyejua ndege yuko upande gani hana cha kuuza.

Ndege mmoja, masoko matatu

Uganda imelielewa jambo hilo mapema. Ghuba ya Mabamba, ukingoni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2006 ikiwa na hekta 2,424 tu. Malagarasi-Muyovozi ni kubwa kuliko Mabamba zaidi ya mara 1,300. Lakini Mabamba iko jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa, na mgeni anaweza kushuka Entebbe usiku na kesho yake asubuhi akawa ndani ya mtumbwi.

Waendeshaji wa mitumbwi hiyo ni wenyeji wa hapo. Zamani wavuvi wa Mabamba waliamini kuwa kukutana na ndege huyo ni mkosi utakaowanyima samaki, na walikuwa wakimwua. Baada ya wageni kuanza kulipa, aliyekuwa mkosi akageuka kitega uchumi. Mvuvi ambaye hushinda majini ndiye anayejua ndege yuko wapi, na ujuzi huo ambao haukuwa na bei sasa unalipwa.

Zambia imekwenda kwa njia nyingine. Ardhioevu ya Bangweulu iko mbali na miji mikubwa, kama ilivyo Malagarasi. Huko shirika la African Parks limekuwa likiendesha uhifadhi kwa kushirikiana na serikali na mabaraza ya wanavijiji tangu 2008. Wavuvi wa eneo hilo huajiriwa kulinda viota vya korongo hadi vifaranga waruke. Fedha humfikia mwanakijiji hata kabla mgeni hajafika, na kiota kinachojulikana ndicho kinachompa mgeni uhakika.

Soko la tatu ni la Tanzania yenyewe. Sehemu kubwa ya makazi bora ya korongo iko ndani ya Pori la Akiba Moyowosi, ambalo liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Mapori ya akiba kwa miaka mingi yamejiendesha kwa uwindaji wa kitalii. Mwindaji hufuata nyati, nzohe na wanyama wengine, hulipia kitalu na leseni, na kambi zake huwa wazi katika miezi ya kiangazi. Mapato hayo ndiyo yaliyolipia doria kwa muda mrefu, na si haki kuyabeza.

Hata hivyo hesabu zake ni tofauti. Nyati akishapigwa risasi ameuzwa mara moja. Korongo huweza kuuzwa kila asubuhi kwa miaka mingi, mradi asisumbuliwe kwenye kiota. Ugumu ni kwamba wateja hawa wawili wanataka eneo lilelile katika miezi ileile, na mwenye darubini hapendi kusikia mlio wa bunduki. Mto Ugalla, upande wa kusini-mashariki, ulipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, hatua iliyohamisha eneo hilo kutoka uwindaji kwenda utalii wa picha. Upande wa Moyowosi mabadiliko ya namna hiyo hayajafanyika.

Liko pia soko la nne, la gizani, ambalo ni la vifaranga hai kwa ajili ya wafugaji wa ndege wa nje. Korongo nyangumi analindwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Anayekamata kifaranga huuza mara moja mali ambayo kijiji kingeweza kuiuza kwa miaka.

Kinachoweza kuuzwa leo

Wakati Moyowosi inasubiri, ukanda wa ziwa una bidhaa ndogo ambazo hazihitaji mtaji mkubwa.

Ya kwanza ni matembezi ya Ujiji. Kutoka Kigoma mjini ni kama kilomita nane. Hapo ndipo ilipoishia njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoanzia Bagamoyo, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wageni wengi hufika kwenye mnara wa kumbukumbu, hupiga picha chini ya miembe na kuondoka baada ya saa moja. Wachache hushuka hadi ufukweni, ambako asubuhi boti za dagaa hurejea na ndege huzifuata. Yangeyange huzunguka penye anika za dagaa, na mdiria mweusi kwa mweupe hupiga mbawa akiwa amesimama hewani kabla ya kujitupa majini. Saa moja ya mnara ikiongezewa saa mbili za ufukwe inakuwa nusu siku, na nusu siku ina chakula cha mchana ndani yake.

Ya pili ni Gombe. Sokwe wa hifadhi hiyo walijulikana duniani kwa utafiti alioanzisha Jane Goodall, aliyefika hapo Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025. Gombe haina barabara za magari, na mgeni hutembea kwa miguu tangu anaposhuka botini. Kwa miaka mingi kiingilio kwa mgeni asiye mkazi kimekuwa dola 100 za Marekani kwa siku, kabla ya kodi. Mtu aliyekwishalipa kiasi hicho na kufika Kigoma ameshagharimia sehemu nzito ya safari yake. Kumwongezea siku moja ya ndege ni rahisi kuliko kumtafuta mgeni mpya Ulaya.

Ya tatu, na ndiyo yenye matumaini zaidi, ni mlango wa Malagarasi huko Ilagala. Maji ya mto yenye tope hukutana na maji maangavu ya ziwa, na penye matete na samaki wadogo hapakosekani ndege wa majini wala furukombe juu ya miti. Viboko na mamba wapo pia, na kwa sababu hiyo matembezi ya mahali hapo hayafai kufanywa bila mwenyeji.

Hesabu ya boti

Faida ya biashara hii inategemea idadi ya watu ndani ya boti. Chukulia mfano wa boti ya mbao yenye injini inayokwenda Ilagala na kurudi siku hiyohiyo. Petroli, nahodha, msaidizi na mwongoza wageni vikijumlishwa vifike sh. 240,000. Kila mgeni akitozwa sh. 40,000, wageni wanane huleta sh. 320,000 na mwenye boti hubaki na sh. 80,000. Wageni sita hurudisha gharama tu bila faida. Wageni watano wanamtia hasara ya sh. 40,000.

Tarakimu hizo ni za mfano, lakini zinaonyesha tatizo lilivyo. Wageni hufika Kigoma wawili wawili, kila jozi siku yake. Akiachiwa mwenye boti peke yake, atatoza jozi hiyo sh. 120,000 kwa kila mtu, wao watakataa, na boti italala. Wenye nyumba za wageni wakikubaliana kupeleka wageni wao siku maalum za wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, boti hujaa bila bei kupanda. Hilo ni jambo la mapatano na ratiba, wala halihitaji mkopo wa benki.

Zaidi ya hayo, kuna msimu ambao boti zenyewe hukosa kazi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Kwa wavuvi wa Katonga, Kibirizi na Ujiji miezi hiyo mitatu ilikuwa ya kufunga mkanda. Lakini miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, njia zinapopitika, mbuga zinapokauka na ndege wa majini wanapokusanyika kwenye maji yaliyobaki. Pale ambapo kusimamisha uvuvi ni kwa msimu huo, watu wenye boti na ujuzi wa maji huwa huru wakati uleule mgeni anapowahitaji. Vikundi vya kusimamia raslimali za uvuvi, BMU, ambavyo tayari vina uongozi na daftari la boti katika mialo, vingeweza kuwa mahali pa kuanzia.

Miezi ya mvua ina wateja wake pia. Kuanzia Oktoba hadi Aprili ndege wa Ulaya na Asia huhamia Afrika kukimbia baridi. Tatizo ni kuwa wakati huo maji hufunika njia za mbugani, na ndege hutawanyika.

Washindani wa kinamasi

Asifikiri mtu kuwa kinamasi kimekaa bure kikimsubiri mtalii. Kina wateja wengine, na baadhi yao hulipa leo hii. Nguruka, kituo cha reli katika wilaya ya Uvinza, hununua na kusafirisha samaki wa Ziwa Sagara. Warina asali huweka mizinga katika miombo ya pembezoni. Wakulima wa mpunga wanataka ardhi yenye unyevu, na wafugaji wanataka majani mabichi wakati kwingine kumekauka. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja ana familia ya kulisha.

Mto una mteja mwingine, ambaye ni umeme. Mpango wa awali wa kuzalisha umeme wa Malagarasi kwa fedha za shirika la MCC la Marekani, katika mkataba uliosainiwa mwaka 2008, uliachwa kwa sababu za mazingira, kwa kuwa sehemu hiyo ya mto ilionekana kuwa na viumbe wa majini wasiopatikana kwingine. Baadaye ulikuja mradi mwingine wa megawati 49.5 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2020. Mitambo hiyo inahitaji mto usiokauka ghafla wala kujaa tope, na mafunjo ndiyo yanayopunguza mbio za maji na kuchuja tope kabla halijafika chini.

Hapo ndipo mvuvi wa dagaa wa Ujiji, ambaye huenda hajawahi kumwona korongo nyangumi, anapoingia katika hesabu. Malagarasi ndio mto wenye bonde kubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Tanganyika. Kinamasi kikilimwa chote na kukanyagwa chote, tope litakalokosa mafunjo ya kulizuia litaishia ziwani, kwenye maji ya pembezoni ambako samaki wengi huzaliana. Bei ya gunia la dagaa Kibirizi na usalama wa kiota cha korongo Moyowosi vimeunganishwa na mto mmoja.

Njia na vikwazo

Kigoma haiko mbali kama ilivyokuwa. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1914 na bado hubeba abiria na mizigo. Daraja la Kikwete limeondoa kizuizi cha kuvuka Malagarasi kwa barabara, na ndege za abiria hutua mjini. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022.

Kilichobaki ni kilomita za mwisho. Kutoka Nguruka hadi kwenye maji hakuna huduma iliyopangwa kwa ajili ya mgeni. Kuingia pori la akiba kunahitaji kibali na askari mwenye silaha. Waongoza wageni wanaowajua ndege kwa majina yao ya kitaalamu ni wachache, na wavuvi wanaowajua ndege kwa tabia zao hawajaulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Denmark ilifadhili mradi wa usimamizi shirikishi wa eneo hilo la Ramsar, lakini mradi una mwisho na kijiji hakina mwisho. Kinachodumu ni kile ambacho wanakijiji wanaweza kukilipia wenyewe kutokana na mapato yake.

Mwelekeo

Kwa mwenye mtaji mkubwa, muda wa kujenga hoteli ya kifahari Malagarasi haujafika. Mahitaji hayajapimwa, na bila uhakika wa kumwona ndege, vitanda vitabaki vitupu.

Kwa mwenye mtaji mdogo hali ni tofauti. Darubini nne, maboya ya kujiokolea, daftari la kuandika kila siku ndege gani ameonekana wapi, na vijana sita wa mwaloni waliofunzwa majina vinatosha kuanzia Ujiji na Ilagala. Daftari hilo ndilo la thamani kuliko vyote. Likiandikwa kwa miaka miwili mfululizo, litamwambia wakala wa safari wa Arusha au London jambo ambalo leo hakuna anayeweza kumwambia, yaani mwezi gani amlete mteja wake na aahidi nini.

Wenye kufuatilia soko hili watazame mambo matatu katika misimu ijayo: kama miezi ya kusimamisha uvuvi itatangazwa mapema ya kutosha kwa wenye boti kujipanga, kama TAWA itatenga walau kona moja ya Moyowosi kwa ajili ya wenye darubini, na kama fungu la kijiji katika kila tiketi litaandikwa wazi kwa shilingi. La tatu lisipopatikana, mawili ya kwanza hayatasaidia, kwa sababu mwanakijiji asiyepata kitu kwa korongo aliye hai ataendelea kulihesabu shamba la mpunga kuwa ndiyo biashara bora zaidi.